Baridi ya Njombe, Nyumba za Pwani

Kila mwaka kipupwe kikikaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wa miezi ya Juni hadi Agosti, na Njombe haikosi kwenye orodha ya mikoa itakayotetemeka. Hakuna anayeshangaa. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Makambako uko chini kidogo, mita 1,700 hivi, ila umekaa wazi kwa upepo kiasi kwamba kila inapozungumzwa habari ya umeme wa upepo nchini, jina lake hutajwa pamoja na Singida. Usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10 bila kuhangaika, na kule Makete, kuelekea Kitulo, kuna alfajiri ambazo nyasi huonekana nyeupe kwa barafu. Tangazo likitoka hufuatwa na nasaha zilezile: vaeni nguo nzito, wafunikeni watoto, msilale na jiko la mkaa ndani. Nasaha hizo ni njema, na wala sina neno nazo. Ninachokiona ni kwamba zote humwendea mtu mmojammoja na sweta lake, wakati sehemu kubwa ya maradhi na unyonge wa kipupwe hutoka kwenye nyumba. Njombe na Makambako ni nchi ya baridi ambayo watu wake wanaishi katika nyumba zilizobuniwa kwa ajili ya joto, na mengi yanayotuumiza miezi hii ni yale tunayoyafanya kuziba pengo hilo.

Kabla ya kufika kwenye kuta na mabati, kuna dhana moja ya kuiweka kando. Siku hizi ushauri wa afya husambaa kwa simu, na mwingi umeandikwa na watu wa kaskazini ya dunia kwa ajili ya watu wa huko. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani walieleza aina ya sonona inayomrudia mtu kila majira ya baridi na kumwachia majira ya joto yakirejea. Chanzo chake kinahusishwa na upungufu wa mwanga, na tiba mojawapo ni kukaa mbele ya taa kali kila asubuhi. Kwa Mtanzania anayeishi Stockholm au Edinburgh hilo ni jambo la kweli kabisa, tena kwake linakuja na nyongeza: ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili mwili utengeneze vitamini D ya kutosha, na jua lenyewe halipo. Lakini Njombe iko nyuzi 9 tu kusini ya ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi kuliko yote kwa mwaka ni saa moja na dakika chache. London katikati ya Desemba hupata mchana usiofika saa nane, na jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 15 kutoka upeo wa macho. Njombe katikati ya Juni jua la adhuhuri husimama nyuzi 57. Mwanga upo tele. Anayekosa mwanga Njombe wakati wa kipupwe amekoseshwa na chumba chenye dirisha la mbao lililofungwa tangu jana jioni, chumba ambacho saa nne asubuhi bado ni giza ilhali nje jua linawaka. Hata mwanga, basi, unaturudisha kwenye nyumba.

Kuna tofauti nyingine ambayo nasaha za kaskazini haziwezi kuijua. Ulaya baridi huja baada ya mavuno, shamba likiwa limelala. Njombe huja pamoja na mavuno. Mahindi yaliyopandwa Novemba na Desemba hukauka na kuvunwa Juni na Julai. Mabondeni ndiyo kwanza vinyungu, bustani za kiangazi, vinashughulikiwa. Fedha ya mazao huanza kuingia, harusi hupangwa, na Agosti kuna Nanenane kule Mbeya. Miezi migumu ya tumbo ni ile ya mvua, Januari hadi Machi, ghala likiwa limebaki na pumba. Kwa hesabu hiyo kipupwe kingepaswa kuwa msimu wa furaha, na kwa walio wengi ndivyo kilivyo. Kupukuchua mahindi uani, watu sita au saba wameketi juani kuanzia saa nne, mazungumzo yakienda na magunzi yakirundikana, kunafanya kazi ambayo daktari wa Ulaya angeiandikia cheti: jua, mikono inayoshughulika, na watu wa kuzungumza nao. Unyonge unawapata walio nje ya duara hilo. Mkoa huu ulipeleka vijana wake kwenye mashamba ya mkonge tangu enzi za manamba na bado unawapeleka Dar es Salaam. Halafu ukapigwa na UKIMWI kuliko mkoa mwingine wowote. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Nyuma ya takwimu hizo kuna bibi wengi waliobaki na wajukuu, au waliobaki peke yao, ambao jua likizama hujifungia ndani saa kumi na mbili na nusu na kutoka kesho yake saa tatu. Saa kumi na nne na nusu za giza na ubaridi kila siku humchosha mtu yeyote, na kumwambia bibi huyo avae nguo nzito ni kumjibu swali ambalo hakuuliza.

Ushahidi kwamba nyumba ina uzito kuliko kipimajoto cha nje umetoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 2003 mtafiti Jonathan Healy alichapisha ulinganisho wa nchi 14 za Ulaya, akipima vifo vinavyozidi vya kawaida wakati wa majira ya baridi. Mtu angedhani Finland, inayozama kwenye theluji miezi mitano, ingeongoza. Iliyoongoza ni Ureno, yenye majira ya baridi ya upole: vifo vilipanda kwa asilimia 28. Finland vilipanda kwa asilimia 10. Wafini wamejenga nyumba za kuhifadhi joto, kuta nene, vioo viwili vya dirisha, kwa sababu wasingeweza kuishi vinginevyo. Wareno walijenga kwa ajili ya kiangazi chao kikali, wakaichukulia baridi kuwa mgeni wa siku chache wa kuvumiliwa. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumo upande wa Wareno, tena tumewapita, maana wao angalau wana kiangazi kinachohalalisha nyumba zile.

Tazama nyumba ya kawaida inayojengwa leo katika kata za Ramadhani na Mjimwema mjini Njombe, au pembezoni mwa Makambako. Tofali za kuchoma, bati juu, madirisha makubwa, na juu ya kila dirisha matundu ya hewa. Dari imesubiri fedha, na mara nyingi husubiri miaka. Ni ramani ya Dar es Salaam au ya Morogoro, mahali ambapo tatizo la usiku ni kuitoa hewa moto nje. Njombe ramani hiyo hufanya kazi yake vizuri mno: joto lote la mchana hupanda kwenye bati, bati hulirushia anga, na kufikia saa nane za usiku chumba kimekaribiana na nje. Pumzi za waliolala hugeuka maji chini ya bati na kudondoka alfajiri juu ya blanketi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, lilitaja nyuzi 18 kuwa joto la ndani linalofaa kulinda afya wakati wa baridi. Nyumba hiyo haifiki hapo usiku wowote wa Julai, na mwenye nyumba anajua hata bila kipimajoto. Ndiyo maana anachukua matambara na mifuko ya simenti anaziba matundu, anasogeza kitanda mbali na dirisha, na kisha anaingiza jiko.

Hapo ndipo hatari inapokamilika. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichozibwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huzing'ang'ania chembe nyekundu za damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huanza na kichwa kuuma na usingizi mzito, na usingizi ndio uleule alioutaka, kwa hiyo haushuku. Mkaa uliokwisha kukolea na usiotoa moshi hudhaniwa kuwa salama. Kumbe kaboni monoksaidi haihitaji moshi. Vifo vya namna hiyo hutangazwa karibu kila msimu na huwatisha watu kwa wiki moja. Madhara ya polepole hayatangazwi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vingi vikitokana na moyo, mapafu, kiharusi na nimonia ya watoto. Kikohozi cha mama anayepikia kuni jikoni pasipo na pa kutokea moshi huitwa kikohozi cha baridi, na kwa jina hilo husamehewa.

Wengine watasema mababu waliota moto ndani na waliishi. Ni kweli waliota moto, na nyumba ya majani ya Wabena au Wakinga ilikuwa na akili ambayo ya bati haina: paa nene la nyasi lilishika joto usiku na kuruhusu moshi upenye taratibu, kuta za udongo zilikuwa nene, na watu walilala karibu na mafiga. Haikuwa salama. Macho mekundu na vifua vibovu vilikuwepo, na moto uliunguza watoto. Lakini ilikuwa nyumba iliyojengwa na watu waliokubali kwamba wanaishi penye baridi. Walowezi na wamisionari waliofika Nyanda za Juu Kusini walikubali pia, wakaweka meko yenye dohani sebuleni. Tulipoacha nyasi tukachukua bati, jambo lisiloepukika kwa sababu za moto, wadudu na heshima, hatukuchukua dohani, wala dari, wala ukuta mnene. Tulichukua nusu ya nyumba.

Pingamizi zito zaidi ni la kitabibu: kwamba baridi yenyewe hudhuru mwili, hata katika nyumba nzuri. Hili halina jibu jepesi. Baada ya vita vya pili vya dunia Waingereza waliendesha kituo cha utafiti wa mafua karibu na mji wa Salisbury, ambako watu wa kujitolea walilowanishwa na kuachwa watetemeke kwenye upepo ili kuona kama wataugua kuliko wenzao. Hawakuugua kuliko wenzao. Mafua, walihitimisha, huletwa na virusi na si ubaridi. Lakini mwaka 2005 watafiti wa Cardiff waliwatia watu 90 miguu kwenye maji baridi kwa dakika 20 na kuwaacha 90 wengine bila kuwagusa. Katika siku nne au tano zilizofuata, 13 wa kundi la kwanza walisema wameshikwa na mafua, dhidi ya 5 wa kundi la pili. Kwa hiyo bibi anayekataza mjukuu kukanyaga sakafu peku ana sehemu yake ya haki. Vilevile mishipa ya damu hujikaza kwenye baridi na presha hupanda, na hilo ni onyo kwa mzee anayemeza dawa za presha na anayeamka saa kumi usiku kwenda choo cha nje. Mtoto mchanga, hasa njiti, hupoteza joto haraka kuliko anavyoweza kulitengeneza. Kwake dawa ya kwanza ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, na kuchelewesha kumwogesha hadi saa 24 zipite. Haya yote nayakubali. Ila ukiyapitia moja baada ya jingine, sakafu, choo cha usiku, chumba cha uzazi, utaona baridi imempata mtu akiwa nyumbani.

Na virusi navyo vinapenda nyumba ile. Hewa baridi na kavu huvihifadhi, chumba kilichozibwa huvikusanya, na watu watano kitandani na chini ya kitanda huvipokea. Kifua kikuu hufuata njia hiyohiyo, na katika mkoa wenye VVU kwa kiwango hiki, kuziba matundu ya hewa kuna bei ambayo Dodoma au Tabora haiwezi kuijua. Kwa watoto tumepiga hatua: chanjo dhidi ya nimokoka inatolewa nchini tangu 2013. Lakini karibu nusu ya watoto wa Njombe wenye umri chini ya miaka mitano walikutwa wamedumaa katika utafiti wa 2022, katika mkoa unaolisha miji kwa viazi na mahindi, na mtoto aliyedumaa huikabili nimonia akiwa na mkono mmoja. Mzazi anahitaji kujua kuhesabu pumzi: kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno, wa mwaka mmoja hadi mitano, 40. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, asingoje asubuhi.

Kuhusu mavazi sina mengi, kwa sababu watu wa huku ni mafundi tayari. Mitumba huleta makoti ya watu wa theluji kwa bei ya kuku, na dereva wa bodaboda anayepakia abiria alfajiri huvaa koti lake kinyumenyume, mgongo wa koti ukiwa kifuani na zipu nyuma, ili upepo usipenye. Yuko sahihi kuliko anavyojua: hewa ikiwa nyuzi 8 na pikipiki ikienda kilomita 50 kwa saa, ngozi isiyofunikwa hupoteza joto kana kwamba iko kwenye nyuzi 3. Kuhusu pombe nina neno moja zaidi. Ulanzi, pombe ya mianzi, hugemwa zaidi wakati wa mvua, kwa hiyo kipupwe ni zamu ya komoni, pombe ya nafaka, na vikali vya chupa ndogo, vyote kwa kisingizio cha baridi. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, joto la ndani likatoka nje. Mnywaji hujisikia amepashwa wakati anapoa. Anayelala njiani akitoka kilabuni usiku wa Julai hapatikani tena kwenye mjadala huu.

Linabaki swali la fedha, na hapa ndipo wengi hunyoosha mikono. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania kuitumia ifikapo 2034. Ni mkakati wenye maana, lakini umeandikwa kwa nchi ambako jiko lina kazi moja. Njombe jiko lina kazi mbili. Mama akipewa mtungi wa gesi, ataivisha maharage kwa gesi na jioni atawasha mkaa uleule ili watoto wasitetemeke, kwa sababu gesi haikuacha joto lolote chumbani, na mkaa wa miwati hauna shida kupatikana mahali ambapo kampuni ya TANWAT imekuwa ikipanda miti hiyo Kibena tangu 1949. Hesabu ya kitaifa itamwandika kuwa ameshahama. Mapafu yake hayatahama. Umeme nao haumwokoi: hita ya wati 1,000 ikiwaka saa nne kila usiku hula uniti 120 kwa mwezi, wakati mteja mdogo wa TANESCO anapaswa kubaki ndani ya uniti 75 ili asipoteze bei yake nafuu. Huwezi kupasha joto chumba kisicho na dari kwa umeme, kama vile huwezi kujaza debe lililotoboka.

Kinachowezekana ni kulizuia joto lililopo lisitoke. Mchana wa Julai kuna jua la kutosha kupasha ukuta wa tofali. Kinachokosekana ni kifuniko. Na hili ndilo linalonisikitisha zaidi, maana mkoa huu unasafirisha mbao za paini nchi nzima. Kila kiwanda cha kupasua magogo kina rundo la mabanzi, ambayo huuzwa kwa bei ya kuni. Mabanzi yaliyopigwa chini ya kenchi, juu yake yakawekwa magunia au takataka za mbao zilizokaushwa, ni dari. Si ya kupiga picha, na inataka uangalifu wa panya na moto, lakini hulishika joto. Udongo uliosilibwa ukutani huziba nyufa. Jiko banifu lenye bomba la moshi, lililojengwa kwa tofali kwenye ukuta unaogusa chumba cha kulala, hupika, hupasha ukuta ule hadi usiku wa manane, na moshi hutoka nje. Matundu ya hewa yabaki, ila yawe ya kufungwa na kufunguliwa, yafunguliwe wazi kuanzia saa nne hadi saa kumi wakati jua lipo, chumba kipumue na blanketi zianikwe.

Shule ziko kwenye hali mbaya zaidi na ni rahisi zaidi kurekebishwa. Nchi nzima ina saa moja, lakini Juni jua huchomoza Dar es Salaam kwenye saa kumi na mbili na nusu na Njombe saa moja kasoro dakika chache. Mtoto anayetakiwa kufika mapema kufagia uwanja hutembea gizani, umande ukimlowesha miguu, katika saa ya baridi kali kuliko zote za siku. Kusogeza mbele muda wa kufika kwa nusu saa, Juni hadi Agosti tu, hakuhitaji bajeti. Mabweni yanahitaji bajeti, lakini dari moja ya bweni huwakinga wanafunzi wengi kwa mkupuo, na fundi aliyeipiga huondoka na ujuzi wa kuupeleka kwenye nyumba za watu.

Wapangaji ndio hawana pa kushika. Makambako ni mji wa njia panda, reli ya TAZARA upande huu na barabara kuu ya kwenda Zambia upande ule, na wafanyabiashara, madereva na watumishi wake wengi wanaishi vyumba vya kupanga. Mpangaji hawezi kupiga dari kwenye nyumba ya mtu, na mwenye nyumba, anayelala kwake penye dari, haoni kwa nini atumie sehemu ya kodi anayoipata kwa ajili ya ubaridi wa mwingine. Nasaha ya sweta haimgusi mwenye nyumba huyo. Halmashauri za miji ya Njombe na Makambako hukagua michoro na kutoa vibali vya ujenzi; zinadai choo, zinadai umbali kutoka barabarani. Zikidai na dari, na pa kutokea moshi, kwa kila chumba kitakachopangishwa kwa watu kulala, mwenye nyumba atalalamika mwaka wa kwanza, ataongeza kodi mwaka wa pili, na mpangaji ataipima kodi hiyo dhidi ya mkaa ambao hatahitaji tena kuununua.